Ng'ombe wa Macho ya Maharage

Mvua ya Tukuyu haina adabu za mgeni:
haibishi hodi, haiagi.
Ilikuwa siku ya nne, shule zimefungwa,
na umeme ulikwenda likizo kabla ya watoto.

Sebuleni walikuwa watatu.
Gwamaka wangu, miaka saba na maswali sabini.
Lusubilo wangu, aonjaye kitu kwanza, jina aulize baadaye.
Na Bupe, mtoto wa dada yangu wa Kyela,
asiyependa chochote kimguse mikono.
Ukimpa embe, anataka uma.
Ukimpa ugali, analia kimya
akivitazama vidole kana kwamba ameazimwa.

Nikasema, basi. Leteni ungo.
Nikamwaga maharage, ya njano na yale ya madoa,
nikatupia vifungo vya koti la marehemu babu yao,
punje za mahindi, kokwa moja la parachichi,
nikafunika vyote kwa khanga.
"Ingiza mkono. Usichungulie. Sema umeshika nini."
Gwamaka akashika kifungo: "Shilingi!"
Lusubilo akashika kokwa: "Yai la bata,"
na ulimi ulikuwa tayari umetoka.
Bupe akaingiza kidole kimoja, kile cha mwisho,
kama apimaye maji ya kuoga.
Akakitoa. Akakifuta kwenye sketi.

Tukaendelea. Kiazi nikakikata nusu,
nikakichonga nyota kwa kisu kisicho na mpini.
Rangi tulijipikia: maji ya bitiruti,
manjano ya mchuzi, masizi ya sufuria na tone la mafuta.
Tukagonga nyota za Krismasi kwenye gazeti kuukuu,
moja ikatua katikati ya tangazo la mbolea
ikakataa kufutika.
Ganda kavu la mgomba likawa kondoo;
Gwamaka akasokota kamba, akamfunga kwenye mguu wa kiti
asije akala chai ya watu.

Nilitamani kuwakandia unga wa kuchezea,
kikombe kimoja tu, na chumvi.
Nikakumbuka bei. Nikamkumbuka mama mkwe.
Nikafunika debe.
Udongo uko nje, mvua imeukanda bure.

Chini ya upenu wa jiko tukachuchumaa,
udongo mweusi, baridi, laini,
unanukia kama mtungi mpya.
"Hauna chumvi," Lusubilo akatoa taarifa.
Bupe alisimama kizingitini, mikono kwapani.
Sikumwita.
Nilifinyanga ng'ombe vibaya, makusudi:
miguu mitatu, nundu imeteremka kiunoni.
Nikamsimamisha, akaanguka.
Nikamsimamisha, akaanguka.
"Mama mdogo, huyo anadai mguu."
"Udongo wangu umekwisha, Bupe."

Ukapita muda. Mvua ikahamia migombani, ikarudi.
Kisha nikasikia: pwata.
Kiganja kizima.
Alikaza macho, meno, mabega,
akabaki hivyo kama mtu aliyeingia mto Kiwira alfajiri,
halafu vidole vikaanza, kimoja kimoja, kuulizana habari.
Mguu wa nne ulitoka mnene kuliko ng'ombe mwenyewe.
Akachomeka macho: harage la njano, harage la madoa.
Kisha akaomba maji, akanawa mara tatu.
Sawa. Sikuwa nimeomba muujiza,
niliomba mguu.

Tukamweka dirishani akauke.
Nani hukauka Tukuyu mwezi wa kumi na mbili?
Krismasi ikaja na wali wake, ikaondoka,
kondoo akakanyagwa na wageni,
nyota za gazeti zikawashia moto.

Siku moja kabla ya basi la Kyela
Bupe aliniamsha, jogoo bado hajajua,
akanivuta, mkono wake mtupu ndani ya wangu,
hadi dirishani.
Jicho la njano lilikuwa limepasuka,
limetoa shingo ya kijani, imejikunja, imeelekea kioo.
"Anachungulia," akasema.
La madoa lilikuwa bado limelala.
Akachovya kidole kwenye kikombe,
akalidondoshea tone.